Uzamivu (PhD) wa masuala ya polisi na haki jinai kwa mtandao, ukiwa Mbeya

Uyole: Wakuu habari. Nina shahada ya uzamili ya sheria, ni askari hapa Mbeya na ruhusa ya kuacha kazi sina. Nataka uzamivu wa masuala ya polisi na haki jinai kwa mtandao, mada Polisi Kata, yaani mpango wa kupanga askari katika kata. Nianzie wapi nisitupe ada?

Kihesa: Mkuu, kabla ya kulipa hata hela ya fomu, andikia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) uulize kama tuzo ya chuo hicho, kwa kusoma kwa masafa, wataitambua. Cha Marekani kitafute kwenye orodha ya CHEA, baraza la huko linaloshughulikia ithibati ya vyuo. UNISA ya Afrika Kusini ni chuo cha masafa, na Chuo Kikuu Huria kina vituo Mbeya na Iringa. Anayekuahidi uzamivu kwa miezi sita bila msimamizi anauza karatasi, mkimbie.

Uliza pia mfumo. Uingereza kwa kawaida unaingia moja kwa moja kwenye utafiti, hivyo andiko lako la utafiti ndilo linalokupa nafasi. Marekani unaanza na masomo na mtihani mkubwa, tasnifu baadaye. Kipindi cha saa 12 jioni New York kwako ni saa 7 usiku, na msimu wao wa baridi saa 8. Ukiwa na lindo, hilo si dogo.

Mwanjelwa: Ada si mlima. Mlima ni data, na wengi hukwama hapo. Chuo kiko mtandaoni, majalada ya kesi yapo kituoni. Pata kwanza idhini ya maadili ya chuo, fuatilia kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kisha andika Makao Makuu ya Polisi Dodoma, ndipo ushuke kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) na OCD (mkuu wa polisi wa wilaya). Usianzie kwa mkuu wa kituo hata kama mnafahamiana. Akikufungulia jalada bila kibali, mnaingia matatani wote wawili, na chuo kitaikataa data hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakuhusu.

Uyole: Lakini mimi ni wa ndani, si inarahisisha?

Mwanjelwa: Inakaza. Unayoyaona kazini si data ya utafiti. Na askari wa chini yako hawezi kukukatalia mahojiano kwa uhuru, kwa hiyo kamati ya maadili itakubana hapo. Chagua kata za wilaya usiyoiongoza, Rungwe kwa mfano, na uhoji pia wenyeviti wa mitaa na vijiji. Akiba yako iwe hukumu za Mahakama Kuu zilizo wazi TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania: kibali kikichelewa, sura moja inaendelea.