Chumba kimoja cha mbao, Goma: nianzie wapi kukitengeneza?

Nimepanga huko Majengo, mita tatu kwa tatu. Kitanda, jiko la makala, mabidoni ya maji, vyote humo. Nikirudi jioni nalala na viatu, hata kula sitaki.

— Jiko litoke leo, ndugu! Makala hutoa gesi isiyo na harufu, inaua mtu usingizini.

— Mimi niligeuza kitanda kikatazama dirisha la mashariki. Saa kumi na mbili na nusu jua liko usoni. Ukuta unaoelekea dirisha nikaupaka rangi nyeupe, huo tu; pesa iliishia hapo.

— Asante, yaya. Jiko limetoka. Mabidoni je?

— Chini ya kitanda. Kiinue kwa mawe manne ya lava. Hayo hapa hununui.