Harry Potter wa kitabu cha tano: ana kisirani au ana haki?

Wakuu, asiyesoma aishie hapa, maana nataja nani kafa.

Jamaa yangu mmoja kaapa kuwa Harry Potter and the Order of the Phoenix (2003) ndicho kilichomshinda. Kurasa 766 kwenye toleo la Uingereza, na dogo anafoka kuanzia mwanzo hadi mwisho! Najua wengi mko upande wake. Mimi nabisha.

Huyu kamwona Cedric, mwanafunzi mwenzake, akiuawa mbele yake. Kiangazi kizima yuko kwa mama yake mkubwa, barua za marafiki hazina habari, gazeti linamwita mwongo, na Dumbledore, mkuu wa shule yake ya uchawi, hamtazami hata usoni. Ana miaka 15. Asifoke?

Halafu Umbridge, mwalimu mpya. Voldemort, adui mkuu wa Harry, hajawahi kuninyima usingizi, ila huyu mama wa nguo za pinki na sahani za picha za paka ukutani, duh! Adhabu yake ni kuandika tu. Harry anauliza wino uko wapi, anaambiwa hautahitajika. Akiandika kwamba hatakiwi kusema uongo, maneno yanajichonga mgongoni mwa mkono wake, na wino ni damu yake. Mimi nimefundishwa na mwalimu wa sampuli hiyo: anatabasamu huku anakutuma ukachume fimbo yako mwenyewe.

Kwenye urefu nawapa nusu maksi. Lile jitu Grawp, hata kama baadaye linafaa, mara ya pili nililiruka.

Lakini kioo je? Likizo ya Krismasi ikiisha, Sirius, baba yake wa ubatizo, anampa Harry kifurushi: ukinihitaji, tumia hiki. Harry anakitupia sandukuni, hakifungui, akihofia kumponza. Sirius keshakufa ndipo anakifungua: kioo, ambacho angetaja jina tu waonane, ajue Sirius hajatekwa kama alivyodanganywa, wala asingekimbilia kumwokoa na Sirius akafa akimfuata. Nilikuwa na kopi ya kuazima, imeachia gundi. Nikarudi nyuma sura 14 kuhakikisha. Kipo, peupe kabisa, na mimi nilikuwa nimekisahau kama yeye.

Sasa semeni, Sirius kafa kwa kosa la nani? Jamaa yangu anamshika Harry na kifurushi chake. Mimi namshika Dumbledore, aliyemficha mtoto ukweli mwaka mzima kisha akaja kuomba radhi mtu keshakufa, tena hata maiti yenyewe haikuonekana.

Mlioishia kwenye sinema ya 2007 subirini kwanza. Kioo kule hawakukionyesha.