Naomba ushauri: kuzuia sehemu tu ya ukurasa isitafsiriwe

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti).

Nina ukurasa wa maelekezo ya kompyuta. Msomaji akiwasha tafsiri ya kivinjari, maelezo yanatafsirika vizuri tu, ila na amri ambazo msomaji anatakiwa kuzinakili nazo zinabebwa humo humo. Mtu akinakili amri iliyokwisha tafsiriwa, inagoma. Majina ya watu pia hayaponi; mtu anayeitwa Baraka au Subira habaki na jina lake.

Nimeweka translate="no" (inayokiambia kivinjari kisitafsiri) kwenye kila <code>, yaani tagi inayobeba amri, pamoja na class="notranslate" yenye lengo hilo hilo, kwa tahadhari. Hapo pametulia. Ile tagi ya meta, inayowekwa kichwani mwa ukurasa kuzuia ukurasa mzima usitafsiriwe, siitaki, maana itamnyima msomaji tafsiri yote, na nusu ya wasomaji wangu wanaitegemea.

Kinachonisumbua ni kisanduku kirefu cha mfano chenye maoni ("comments", maelezo kwa msomaji) katikati ya msimbo wa programu. Kisanduku kizima kina "no", na maoni nimeyazungushia <span translate="yes">. Kwa kanuni za HTML, "yes" ya ndani inatakiwa kushinda "no" iliyorithiwa, lakini kivinjari kinairuka.

Maswali yangu: kuna njia ya kuyafungulia maoni hayo bila kukikata kisanduku vipande vipande? Na namba inayobadilishwa na JavaScript, ambayo ikishatafsiriwa inaganda (naona maandishi yamefungwa ndani ya tagi za <font>), niiwekee "no" yenyewe tu au sehemu yote inayoizunguka?

Natanguliza shukrani.