Vijana hawasikiki ukumbini, na wakisahau maneno wanacheka. Nianzie wapi?

MwongozajiKata:
Wakuu, habari za jioni. Naongoza mchezo wa kuigiza wa vijana wa kata, wapo 18, umri miaka 11 hadi 16. Mchezo ni wa dakika 40, ukumbi ni wa bati, watazamaji kama 200, vipaza sauti hatuna. Safu za nyuma hazisikii kitu, waigizaji wanawapa watu mgongo, na mmoja akisahau maneno wote wanaangua kicheko. Zimebaki wiki tano.

PaziaJekundu:
Anza na sauti, mkuu, maana ndiyo inayochelewa kujengeka. Usiwaambie "pazeni sauti". Mtoto akisikia hivyo anakaza koo, na nusu saa baadaye sauti imekwama. Kila siku ya mazoezi anzeni na dakika 10 za pumzi: viganja chini ya mbavu, wavute hewa mpaka viganja visukumwe nje, mabega yasipande, kisha waitoe kwa "sss" nyembamba isiyokatika. Mwanzoni sekunde 12 zinatosha, mbele ya safari wafike 20 au 25.

Halafu sikiliza miisho ya sentensi. Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ya mwisho ndiyo inayomezwa. "Baba hajarudi" kule nyuma inafika "baba hajaru". Mweke mwigizaji jukwaani, mwenzake asimame ukuta wa nyuma kabisa. Kila neno linapopotea wa nyuma anainua mkono, na wa mbele anairudia sentensi nzima polepole zaidi, bila kuongeza kelele. Kwenye bati ukiharakisha, mwangwi wa neno la kwanza unalipanda la pili. Kumbuka pia ukumbi ukijaa watu sauti inafifia kuliko siku za mazoezi, kwa hiyo wasiridhike na kusikika kwa shida. Feni zizimwe mchezo ukianza.

Mama Maleba:
Mgongo unautibu leo leo, kaka. Chora jukwaa kwa chaki, vyumba tisa, vitatu kwa vitatu, kila kijana ajue anasimama chumba gani katika kila tukio. Wawili wanaozungumza wasitazamane uso kwa uso. Kila mmoja ageuke nusu, bega la karibu na watazamaji lirudi nyuma kidogo. Wakiwa watatu wakae pembetatu. Wakijipanga mstari kama paredi, wa pembeni hawaonani na watainama kuchungulia.

Kwenye umati usimwache mtoto asimame tu. Mmoja anahesabu chenji, mwingine anamtafuta mdogo wake. Asiye na kazi ndiye atakayeanza kuwapungia ndugu zake. Na tafadhali usimwambie "onyesha huzuni", atainamisha kichwa basi. Mwambie "mzuie mama asifike mlangoni", mwili wenyewe utajua la kufanya. Usimwigizie pia, maana atanakili sauti yako hadi kikohozi.

Maleba, yaani mavazi ya mchezo, wayavae mapema, angalau mazoezi matatu kamili. Kitenge kilichofungwa kwa haraka hufunguka tukio la pili, na kanzu ndefu inakanyagwa ngazini.

Mshika Karatasi:
Kuhusu kusahau: wengi wanakariri maneno yao peke yao, ndipo wanapokwama. Kila mmoja akariri pia maneno ya mwisho ya anayemtangulia, kwani hayo ndiyo yanayomwita. Kata mchezo vipande vya dakika tatu hadi tano. Kipande kichezwe kwanza kwa maneno yao wenyewe, wakishajua nani anataka nini ndipo wapewe maandishi. Wiki ya tatu karatasi zitoke mikononi. Mkumbushaji akae pembeni ya pazia, atamke maneno mawili ya kwanza kwa sauti ya kawaida, kwa sababu mnong'ono haufiki na unamchanganya aliyekwama.

Kicheko huja macho yakikutana. Aliyesahau amtazame anayezungumza naye pajini mwa uso, na yule mwingine amuulize swali lolote la ndani ya mchezo. Zoezeni hili kwa makusudi: mkumbushaji apige makofi, mmoja "asahau", wenzake wamwokoe bila kusimamisha mchezo.

MwongozajiKata:
Shukrani sana. Je, watu wakipanda jukwaani kutunza, yaani kuwapa waigizaji hela, katikati ya mchezo? Hapa kwetu ni lazima watapanda.

Mama Maleba:
Wafundishe kuganda. Anayetunzwa abaki na umbo lake, asipokee kwa mkono, noti iwekwe begani au kwenye nguo. Wengine wasitembee. Vigelegele vikianza kushuka, kabla havijaisha kabisa, anayefuata aseme neno lake. Mkingoja kimya kitupu, mchezo umeshapoa.

PaziaJekundu:
Na kama una wa darasa la saba au kidato cha nne, angalia tarehe yenu isiangukie mitihani ya Septemba na Novemba. Kila mhusika mkuu awe na mbadala anayefanya mazoezi kamili angalau mara moja kwa wiki, si wa kukaa kando akitazama.