UKOO WA BI MWANTUMU (KIGOGO)

Mwaju: Asalaam aleykum. Narudia maana tangu jana naona tiki za bluu tupu. Jumamosi saa 4 kikao kwangu Tabata tumteue msimamizi wa mirathi ya mama. Bila muhtasari wenye sahihi zetu Mahakama ya Mwanzo hatuna la kusema, na bila msimamizi fidia ya nyumba ya bondeni Msimbazi ya kupisha mradi haina wa kuipokea. Njooni na kopi za vitambulisho

Mwaju: Leseni ya makazi anayo nani?

Mwaju: ???

Side: Shkamoo shangazi. Si ililowa ile siku ya godoro 😂

Zai: 😂😂😂 godoro jamani

Mwaju: Marahaba. Mnacheka nini sasa

Baba Nasri: Mi nauliza, kwani kuhama ni lazima? Si wanajenga daraja Jangwani, mita 390, maji yapite chini watu wakae zao

Zai: Baba mdogo daraja linaokoa barabara ya Morogoro na mwendokasi, nyumba ya bibi haimo. Mchanga unashuka kutoka Pugu huko unajaa mtoni, kina kinapungua, mvua kidogo tu maji yako sebuleni. Ndo maana wanataka wauchimbe waupanue, udongo wainulie ardhi pembeni, bondeni kwenyewe iwe bustani. Sasa bibi kajenga humohumo mto unamotaka kupita

Side: Bustani?? Na Yanga, vyura wa Jangwani, wataogelea wapi 🐸🐸

Baba Nasri: We kolo wa Simba tulia. Bwawani kwetu makombe yamejaa

Side: 🐸

Mwaju: JAMANI SAHIHI

Rama Muscat: Nimetoka kazini ndo naona. Mradi huo ni dola milioni 200 za Benki ya Dunia tangu 2022, Waholanzi na Wahispania nao wametia mkono, na mkopo ni mkopo atalipa Nasri na wenzie. Sikatai daraja ila mtaro wa pale kwetu umejaa pampasi na chupa sasa zege la Jangwani litazibua? Sahihi ntatuma kwa picha

Mwaju: Picha sidhani kama wataikubali Rama

Salma: Huyo msimamizi asije akatufanyia ya Mabwepande tu

Mwaju: Salma una maana gani

Salma: Si nimeandika kiswahili dada. Mafuriko ya 2011 tukapewa kiwanja kule, kiko wapi leo? Aliyekiuza yumo humu na anasoma

Rama Muscat: Ujumbe huu umefutwa

Mzee Kondo: KIWANJA NILISEMA MIMI KIUZWE. DADA YANGU ALIKUWA AMELAZWA NA NYIE HAMKUWA NA KITU. RAMA NILIMTUMA NA NILIMWAMBIA ANYAMAZE. MWENYE LAWAMA AJE KWANGU ASIANDIKE HUMU. NA USIMAMIZI MSINIPE MIMI MACHO HAYASOMI TENA

Zai: Shkamoo babu

Side: Shkamoo babu

Mwaju: Tumekusikia mjomba. Haya wa Jumamosi:
1. Mwaju
2.

Zai: 2. Zai, nitachelewa kidogo

Baba Nasri: Jumamosi nina harusi Mbagala. Jumapili haiwezekani?

Mwaju: Baba Nasri harusi inaanza usiku!

Salma: Nisamehe mjomba sikujua. Leseni ninayo mimi, haijalowa. Nitaitoa nikishajua msimamizi ni nani

Mwaju: Salma pokea simu