Mtwara hadi Kilwa Masoko kwa baiskeli, watu wanne: njia, tairi na siku

Korosho_Ghafi

Wakuu habari zenu. Tuko wanne, wote wa Mtwara mjini, na katikati ya Julai tunataka kupiga pedali hadi Kilwa Masoko. Baiskeli ni hizi: mbili za mtumba za gia, tairi pana, moja ya Kijapani ile ya kikapu mbele, na Phoenix moja iliyokula chumvi nyingi lakini bado imesimama.

Tunabishana mambo mawili. Wawili wanataka tupakie baiskeli kwenye basi hadi Kilwa halafu turudi tukiendesha, kwa hoja kwamba kuelekea nyumbani mtu hachoki. Wawili tunataka kuanzia hapa. Pili, vipuri: kila mtu abebe vyake au tuweke pamoja? Siku ngapi zinatosha bila kukimbizana? Na mwenzetu mmoja magoti yanamuuma akifika Mikindani tu, sijui tumfanyeje.

Upepo_Nyuma

Mkuu, ubishi wa kwanza unaamuliwa na kalenda. Julai ni kusi. Upepo unatoka kusini na kusini mashariki, na mchana unazidi nguvu. Kutoka Lindi kwenda Nangurukuru, njia panda ya kuingilia Kilwa Masoko, barabara inaelekea kaskazini, kwa hiyo kusi linawasukuma mgongoni. Mkitokea Kilwa mtalila usoni njia nzima, na mwenye Phoenix atawachukia kabla ya Mchinga. Hoja ya kuelekea nyumbani ihifadhiwe hadi Januari, wakati wa kaskazi, ila huko kuna mvua na joto, kwa hiyo hata hapo siishauri. Kwa kusini msimu wa baiskeli ni Juni hadi Oktoba.

Vipande vya njia viko hivi:

Mtwara hadi Mikindani ni kama kilomita 10, na bahari mnaiona. Itazameni vizuri, kwa sababu baada ya hapo barabara inapanda na kuingia bara. Watu wengi wanasikia "barabara ya pwani" wakadhani watakuwa na mawimbi pembeni siku nzima. Haiko hivyo. Bahari mtaiona Mikindani, mtaikuta tena Lindi, kisha Kilwa. Katikati ni mikorosho, minazi, mashamba ya muhogo na pori.

Mikindani hadi Mnazi Mmoja (Mingoyo) ndicho kipande cha kuheshimu. Malori mengi yanayotoka Masasi kuja bandari ya Mtwara yanaingilia Mnazi Mmoja, na siku hizi yamo ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Ongeza ya saruji yanayotoka Mtwara. Kwa hiyo mnapishana na yaliyoshiba na yaliyo tupu, yote kwa kasi. Ondokeni saa 12 na nusu asubuhi mara kunapopambazuka, si kabla. Mkifika Mnazi Mmoja malori ya Masasi yanakata kushoto, ninyi mnashika kulia kwenda Lindi na barabara inatulia.

Mtwara hadi Lindi jumla ni kama kilomita 108. Siku moja inatosha kama miguu ipo. Lindi hadi Nangurukuru ni zaidi ya 150, hiyo gaweni siku mbili, mlale kijiji kikubwa cha katikati kama Kiranjeranje. Halafu Nangurukuru hadi Masoko ni kama 30, na hapa wengi wanakosea hesabu: njia inageukia mashariki, upepo uliokuwa unawasaidia unawajia usoni kwa ubavu. Mkiifikia saa 9 alasiri mmechoka, kilomita hizo 30 zitakula saa tatu. Laleni Nangurukuru, mzimalize asubuhi upepo ukiwa bado umelala.

Kuhusu malori, jambo moja tu. Hatari kubwa ni basi linalokuja mbele likiwa linalipita lori, maana linachukua upande wenu wote na halitarudi. Mkiona hivyo tokeni nje ya lami, bila kusubiri honi. Na mkishashuka msijaribu kupanda tena mkiwa mnaendesha sambamba na ukingo wa lami: gurudumu la mbele linanasa kwenye ule mkato na mtu anaangukia barabarani, ndani ya njia ya gari. Simama, inua baiskeli, panda.

FundiSpoki

Upepo kasema ya barabara, mimi niseme ya magurudumu, kwa sababu baiskeli zenu nne zina saizi tatu za tairi na hilo ndilo litakalowalaza njiani.

Soma namba ubavuni mwa tairi, usisome inchi peke yake. Za gia nyingi huandikwa 26 x 1.95, na namba ndogo inayoishia 559. Ya Kijapani ni 26 x 1 3/8, inaishia 590. Zote zinaitwa "ishirini na sita" dukani, lakini tairi ya moja haikai kwenye rimu ya nyingine hata uilambishe sabuni; tofauti ya kipenyo ni milimita 31. Phoenix ni 28 x 1 1/2, inaishia 635. Akikuuzia mtu tairi ya 700C akasema ni ishirini na nane, kataa, ile inaishia 622. Kwa hiyo "tuweke vipuri pamoja" inafaa kwa spana, pampu, viraka na solusheni. Tyubu kila mwenye saizi yake abebe mbili. Tairi ya akiba bebeni moja, ya Kijapani, kwa sababu za saizi hiyo ndizo ngumu kupata vijijini. Ya Phoenix mtaikuta kwa fundi yeyote chini ya mwembe.

Valvu nazo. Ya Phoenix na ya Kijapani ni ile ya zamani yenye kipira chembamba kama mrija ndani. Kipira kile kikioza upepo unatoka taratibu, mtu anatafuta tundu kwenye tyubu nusu saa halioni. Kabla ya kufungua tairi, tia mate kwenye mdomo wa valvu. Likitoka povu, badilisha kipira tu. Bebeni vipande vitano, havina uzito. Za gia kwa kawaida zina valvu kama ya gari, na pampu ya moja haiingii kwenye nyingine. Ama pampu mbili, ama moja yenye kichwa cha kubadilisha.

Sasa spoki. Zinakatika nyuma, upande wa cheni, karibu kila mara. Sababu ni kwamba gurudumu la nyuma lenye gia limevutwa upande mmoja ili kupisha fraiwili (yale meno ya nyuma yanayoshika cheni), basi spoki za kulia zinakazwa kuliko za kushoto, halafu ninyi mnaongeza mzigo juu. Kabla ya safari zungusha gurudumu, bana spoki mbilimbili kwa vidole. Iliyolegea utaisikia. Kaza robo ya mzunguko, tazama kama rimu inayumba, kaza tena. Usikaze mzunguko mzima kwa mara moja, utaivuta rimu kuwa yai.

Bebeni spoki sita za urefu sahihi za kila gurudumu la nyuma, mzifunge kwa utepe kwenye paipu ya fremu. Urefu usikisie: chomoa moja uende nayo dukani. Na hapa ndipo watu wanapokwama: spoki ya kulia haipiti mpaka fraiwili itoke, na fraiwili haitoki bila kifunguzi chake na spana kubwa. Kifunguzi ni kidogo kama kizibo cha chupa, kiingie kwenye begi. Spana kubwa mtaazima gereji yoyote ya pikipiki. Kama hamna kifunguzi, fungua breki ya nyuma, legeza kidogo spoki mbili za jirani za upande wa pili ili gurudumu lisiguse fremu, hamisha mzigo kwa mwenzio, endesheni taratibu hadi mjini.

Mzigo: usizidi kilo 12 kwa mtu, na uwe chini, pande mbili za keria, sawa kwa sawa. Mfuko mmoja wa salfeti juu ya keria unaipa baiskeli mtikisiko kwenye mteremko. Begi mgongoni hapana. Keria ifungwe kwa nati mbilimbili, au tia kipande cha mpira chini ya nati; mtikisiko unafungua kila kitu kilichofungwa na nati moja.

Cheni: pima pini ya kwanza hadi ya 21. Mpya ni milimita 254. Ikifika 256, nunua nyingine kabla haijala meno ya fraiwili. Mafuta ni ya cherehani, tone moja kila kiungo, kisha futa nje kwa kitambaa. Oili chafu ya injini mnayopewa bure gereji inakusanya mchanga, na mchanga wenye oili ni msasa.

Korosho_Ghafi

Ahsanteni sana wakuu. Ubishi wa basi umekwisha, tunaanzia hapa. Fundi, upepo wa tairi kiasi gani? Na magoti ya mwenzetu?

FundiSpoki

Tairi pana zenye mzigo: nyuma psi 50, mbele 40 hadi 45. Ya Kijapani na Phoenix jaza hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni, maana hizo nyembamba zikilegea zinabanwa na rimu kwenye shimo, tyubu inapasuka matundu mawili yaliyoelekeana. Ukiona matundu mawili pacha, usitafute mwiba, ongeza upepo.

Ukiona tundu moja, mwiba upo. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu. Kiraka: sugua kwa msasa, paka solusheni nyembamba kupita ukubwa wa kiraka, subiri dakika tano mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga. Wanaobandika ikiwa mbichi ndio wanaorudia baada ya kilomita kumi. Ubavu wa tairi ukichanika, tia ndani kipande cha tyubu ya pikipiki, kitawafikisha.

Magoti: kwa kukisia tu, siti iko chini. Akae, aweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Akikanyaga kwa unyayo wa mbele goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Atalalamika kwamba miguu haifiki chini akisimama. Ashuke kwenye siti akisimama. Akiwa ni mwenye gia, aache kupanda mlima wa Mikindani kwa gia nzito.

Bint_Mikindani

Samahani kaka Upepo, napingana na wewe kwenye Mtwara–Lindi siku moja. Kwa baiskeli za gia sawa. Kwa Phoenix isiyo na gia pamoja na mwenye magoti, kilomita 108 za siku ya kwanza zitawaharibia siku zote zinazofuata. Walale Mnazi Mmoja, kama kilomita 85, gesti zipo na chakula cha njia panda kipo hadi usiku. Kesho yake wanaingia Lindi asubuhi kabla ya jua kali, wanapumzika, jioni wanavuka kwa pantoni kwenda Kitunda kutazama ghuba. Hiyo inafanya siku tano hadi Masoko: Mnazi Mmoja, Lindi, Kiranjeranje, Nangurukuru, Masoko. Mkichelewa na safari yenu ikaangukia wiki ya Nanenane, pigeni simu gesti za Lindi mapema, maonyesho ya kanda yanafanyika pale na vyumba vinajaa.

Maji: lita tano kwa mtu kwa siku, na mbili kati ya hizo ziwe kwenye baiskeli muda wote mkishaipita Mchinga, vijiji vinaanza kuachana. Maji matupu siku nzima hayatoshi kwa mtu anayetoka jasho hivyo. Kichwa kinauma na misuli inakaza. Bebeni pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), moja kwa lita moja. Zikiisha: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Chumvi isizidi hapo.

Kula kabla ya njaa. Chapati na maharage asubuhi, mfukoni korosho na karanga, ming'oko (mizizi ya porini inayochemshwa) mkiikuta inauzwa njiani nunueni. Mchana kwa mama ntilie, wali samaki, halafu mpumzike saa 6 hadi saa 9. Uraka, pombe ya mabibo, hautakuwepo Julai, afadhali, maana mara nyingi mtu "anaonja" tu na baiskeli inalala pale pale.

Kijiji kisicho na gesti, nendeni moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji mkiwa na vitambulisho, mseme mnatoka wapi mnakwenda wapi. Mtapewa pa kulala shuleni au ofisini. Msipige hema porini kimyakimya. Watu wakiona taa usiku wana haki ya kuwauliza, na tembo nao wanapita baadhi ya maeneo hayo. Kiranjeranje ulizeni kondakta wa basi la Dar mapema kama gesti zina nafasi, wao wanajua kila kituo.

Masoko mkitaka kuvuka kwenda magofu ya Kilwa Kisiwani, kibali kinakatwa Masoko kabla ya kupanda boti. Fikeni asubuhi, kusi la mchana linachafua maji ya mlangoni.

Korosho_Ghafi

Dada umetuokoa, tunachukua siku tano. La mwisho: tunataka kwenda Msimbati wikendi moja kabla, kama mazoezi na mizigo. Sawa?

Upepo_Nyuma

Kwa mazoezi ya miguu sawa, kwa mazoezi ya safari hapana. Njia ya Msimbati ina mchanga mzito, Kilwa ni lami. Ya Kijapani itazama, na mtarudi mkidhani baiskeli mbovu. Pakieni mizigo yote, nendeni Mpapura, kwenye lami ya Lindi, na kurudi Jumapili asubuhi.

FundiSpoki

Naunga mkono. Mkirudi, kazeni tena nati zote za keria na zile spoki. Spoki mpya au zilizoguswa zinakaa vizuri baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, na hapo ndipo zinalegea. Wakiamua Msimbati hata hivyo, wenye tairi pana washushe hadi psi 25, wajaze wakirudi kwenye lami, na cheni ioshwe kwa mafuta ya taa siku hiyo hiyo.