Naomba ushauri: Levi au Ylläs kwa familia inayoanza ski?

Wakuu habari zenu, hasa nyie mlioko Finland na Sweden. Sisi tunaishi Helsinki, na likizo ya Februari wanangu wanataka sana kwenda Lapland, kaskazini mwa Finland, kujifunza ski (kuteleza kwenye theluji), nachagua kati ya vituo viwili vya huko, Levi na Ylläs, na bibi yao atakuwa amekuja kututembelea toka Tanga, kwa hiyo naye tunaenda naye, hapo ndo kichwa kinaniuma.

Levi naiona ina kila kitu karibu, mahoteli, maduka, mteremko wa watoto upo pale pale kijijini na toka uwanja wa ndege wa Kittilä ni kama kilomita 15 tu, ila wiki za likizo za shule bei zinapanda kweli na watu wanajaa. Ylläs mlima ni mrefu zaidi, mita 718, na kuna treni ya usiku mpaka Kolari inayobeba na magari, hiyo imenivutia sana maana ukiwa na gari unaweza kupanga nyumba ya mbao mbali kidogo kwa bei nafuu. Shida vijiji vyake viwili, Äkäslompolo na Ylläsjärvi, viko pande tofauti za mlima, sasa kwa wanaoanza mnashauri tukae upi?

Desemba nimeikataa, kule jua linapotea kabisa, mama hataweza. Lakini hata Februari baridi inaweza kufika -30, je mtu mzima kama yeye avae nini ndani, sufu au? Na mbali na ski atafanya nini mchana kutwa? Nataka na yeye afurahie kweli, sio ashinde dirishani anatuangalia.